Huruma iandikwe kabla ya msiba

Kazi yangu ni ya mikopo. Kwa miaka mingi nimekuwa afisa mikopo katika ushirika mmoja wa akiba hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ambao sitautaja jina. Wateja wetu wengi ni akina mama wa soko la Virunga na la Kahembe: wauza vitenge, wauza unga wa muhogo, makala (yaani mkaa), sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Wanakopa dola mia tatu, mia tano, mara chache elfu moja, na kurejesha kila mwezi. Mimi nakaa nao kabla hawajakopa, nawatembelea kwenye meza zao, na wakichelewa mimi ndiye ninayepanda Ndosho au kushuka Birere kuwatafuta. Katika kazi hiyo nimeiona kampuni ikiwa na kanuni bila huruma, kisha nikaiona ikiwa na huruma bila kanuni. Nataka kueleza kwa nini ya pili ilinichoma moyo kuliko ya kwanza, na tulifanya nini baadaye.

Watu wa Goma hawahitaji kukumbushwa, lakini wasomaji wa mbali wajue tunaishi wapi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulipasuka tena. Safari hii lava ilisimama kabla ya kufika uwanja wa ndege, lakini nyumba za Buhene ziliungua na barabara ya kwenda Rutshuru ikakatika. Kisha ardhi ikaendelea kutetemeka, kuta zikapasuka, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akaamuru mitaa kumi ihame, kwa kuwa magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilikuwa imegunduliwa chini ya mji. Watu walikwenda Sake kwa miguu, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Mwezi wa sita ndipo serikali ilipoanza kuwarudisha hatua kwa hatua.

Wakati huo wote kompyuta yetu iliendelea kuhesabu. Mkataba wa siku zile ulisema riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na anayechelewa atozwe faini ya asilimia 1 ya rejesho kwa kila siku. Ukisoma karatasi hiyo ofisini, umekaa kwenye kiti, faini hiyo inaonekana ndogo. Mama mmoja muuza vitenge alikuwa na mkopo wa dola 500 wa miezi sita. Rejesho lake lilikuwa karibu dola 98 kwa mwezi, kwa hiyo kila siku aliyochelewa iliongeza karibu dola moja. Kwa Goma, dola moja ni unga wa jioni na makala ya kuupikia.

Mama huyu hakuwahi kulipia depo, yaani ghala la kulaza bidhaa, sokoni. Kila jioni alivifunga vitenge vyake katika balo, akavipakia kwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya kijana wa jirani na kurudi navyo nyumbani Buhene, ili zile pesa za depo ziende kwenye rejesho. Hesabu ya mtu mwaminifu. Usiku ule wa Jumamosi alitoka na watoto, kitambulisho na daftari la ushirika. Balo lilibaki ndani. Nilipomkuta baadaye, alikuwa amerudi kutoka Sake na anaishi kwa dada yake Majengo, na daftari bado analo, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alilitoa, akalifungua kwenye ukurasa wa mwezi wa tano, akaniuliza: “Dada, hapa mtaandika nini?”

Nilikwenda kwa mkuu wa tawi na karatasi yake. Naye sitaki asomwe kama mtu mbaya, maana hakuwa mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Dada, dawa ya deni ni kulipa. Pesa hizi si zangu wala si zako.” Hapo alisema kweli. Dola 500 alizokopa mama wa vitenge zilikuwa akiba ya mama mwingine, pengine muuza samaki wa Himbi anayeweka dola mbili mbili kwa ajili ya ada ya mtoto. Tena Benki Kuu ya Kongo ilikuwa ikitukagua. Mkopo ukichelewa zaidi ya siku 30, unahesabiwa kuwa uko hatarini, na ushirika unapaswa kutenga fedha za kufidia hasara. Mikopo ya namna hiyo ikizidi, ushirika wenyewe unaanguka, na wa kwanza kulia ni wenye akiba ndogo. Kila anayedai kampuni iwe na huruma aanzie hapo, la sivyo atakuwa mkarimu kwa mali ya wengine.

Lakini mkuu wa tawi aliongeza neno moja ambalo sikuliacha lipite. Alisema mkataba ni sheria kwa waliouweka. Maneno hayo yametoka kwenye kitabu chetu cha tatu cha sheria za madai, dikri ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 33. Tulikifundishwa sote tulipoajiriwa. Nilimwomba tukisome mpaka mwisho, kwa sababu kifungu hichohicho kinamalizia kwa kusema mikataba itekelezwe kwa nia njema. Mbele kidogo, kifungu cha 46 kinasema hakuna fidia inayodaiwa pale mdaiwa alipozuiwa na nguvu isiyoweza kuzuilika au tukio la ghafla. Faini ya kuchelewa ni nini kama si fidia ya kuchelewa? Na lava ni nini kama si nguvu isiyozuilika? Alimpigia simu avoka, wakili wa ushirika. Avoka akakubali: mkopo unabaki, maana aliyepewa pesa arudishe pesa, lakini faini za siku zile hazina mguu wa kusimamia.

Mama wa vitenge alifutiwa faini. Yeye peke yake.

Hapo ndipo ilipoanza ile huruma bila kanuni. Habari zilienea sokoni kwamba “ofisini kuna msamaha”, na kila aliyejuana na mtu alianza kupiga simu. Mfanyabiashara mmoja mwenye depo iliyosimama salama, asiyepoteza hata gunia, alipewa miezi sita bila faini kwa sababu alisali pamoja na mjumbe wa bodi. Mwalimu mmoja aliyejua kuandika barua nzuri alipata miezi mitatu. Waliojua kulia mbele ya meza walipata kitu, walionyamaza walilipa. Niliiona orodha ile yote, jina kwa jina, na nilijua mtaa wa kila mmoja. Walioungua kweli, wa Buhene, wengi hawakuwamo. Hawakuja kuomba. Kwetu mtu mwenye heshima haji kuomba asilipe deni, anajificha kwa aibu au anatafuta pa kukopa tena. Mjane mmoja aliuza mabati aliyopewa na shirika la msaada akalipa faini yote, kisha akaja kunishukuru kwa kumsubiri. Nilimshika mikono na sikuweza kumjibu.

Kanuni kali, kwa ukali wake wote, ilimwona tajiri na maskini kwa jicho moja. Huruma ya simu ilimwona mwenye simu. Tangu siku zile nimeacha kuamini kampuni inayosema “sisi tunaangalia kila mtu na hali yake” bila kuonyesha imeandika wapi, nani anaamua na kwa kipimo gani.

Mwaka uliofuata nililiona jambo hilohilo kwingine kabisa. Wifi yangu alijifungua kwa upasuaji katika kituo kimoja cha afya. Mtoto mzima, mama mzima, ila bili ilikuwa kubwa kuliko tulivyochanga. Wakamzuia. Aliruhusiwa na daktari, lakini mlinzi wa geti hakuwa na karatasi ya kumtoa. Akawekwa pamoja na akina mama wengine wa hali hiyohiyo, mikeka chini, watoto wachanga katikati, na kila usiku waliolala pale uliongezwa kwenye bili. Nani anaweza kulipa deni akiwa amefungiwa ndani na deni linakua? Kaka yangu alikuwa akibeba mizigo bandarini, na sasa nusu ya siku yake ilikuwa ya kupeleka chakula kituoni. Mhasibu alikuwa mama wa makamo, mpole. Nilipomweleza, alishusha sauti: “Dada yangu, hata mimi inaniuma. Ila sina ruhusa ya kutoa hata faranga mia.” Mwenye ruhusa alikuwa mkurugenzi, na mkurugenzi hakuwahi kupita kwenye kile chumba chenye mikeka.

Nilirudi kazini na jambo hilo kichwani. Anayeona shida hana mamlaka, mwenye mamlaka haoni shida, na katikati yao kuna karatasi ambayo kila mmoja anasema imeandikwa na mwingine. Hivyo ndivyo watu wapole wanavyoendesha taasisi ngumu.

Tulipopata nafasi, maafisa mikopo tuliomba bodi iandike ukurasa mmoja tu: familia ikipatwa na balaa, ushirika unafanya nini. Mabishano yalikuwa marefu. Mjumbe mmoja, mzee mwenye uzoefu wa biashara, alisema: “Mkitangaza huruma, wote watakuja na vilio.” Tulimjibu kwamba kwa utaratibu wetu hakuna atakayelazimika kuja. Balaa likipiga mtaa, mtaa mzima unasimamishiwa faini siku hiyohiyo, aliyeomba na asiyeomba. Balaa la nyumba moja, kama moto, ugonjwa au msiba, linathibitishwa na kiongozi wa nyumba kumi pamoja na majirani wawili. Kiongozi wa nyumba kumi anajua nani ameungua na nani anaigiza, na hadaganyiki kirahisi kama sisi wa ofisini. Marejesho yaliyosimama yanasogezwa mwisho wa mkopo, na muda huo wa kusogeza hauzai riba mpya. Afisa mikopo anaweza kutoa hadi siku 60 bila kumuuliza mtu yeyote juu yake. Zaidi ya hapo, kamati ya watu watatu inakaa, na mmoja wao sharti awe mteja mwenye akiba. Mkopaji akifariki, deni linalipwa na mfuko wa mshikamano. Watoto hawarithi deni, na hakuna anayekwenda kilioni na daftari.

Mfuko huo unatoka kwenye asilimia ndogo inayokatwa kila mkopo unapotolewa. Hoja hiyo ilipelekwa mkutano mkuu, wanachama wakapiga kura. Nilidhani wenye akiba watakataa, maana ndio wanaobeba gharama. Bibi mmoja muuza maharage, mwenye akiba ya miaka, alisimama na kusema yeye aliunguliwa 2002 na hakuna aliyemuuliza. Alisema akatwe. Baada yake upinzani ulipungua.

Kitu kimoja tulikikataa katakata, na nakitaja kwa sababu taasisi nyingi hukiita msaada: kumpa mwenye shida mkopo mpya ili alipie wa zamani. Kwenye ripoti kinapendeza. Mkopo mbovu unakuwa mzuri kwa siku moja, afisa anasifiwa, mkaguzi hana swali. Nyumbani, familia imeongezewa miezi na riba juu ya kitu kilichokwisha kuungua. Kukopa harusi, kulipa matanga, na huyu hata harusi yenyewe hakuiona.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 ulikuja mtihani ambao hatukuuandalia vya kutosha. Mapigano yaliingia mjini, waasi wa M23 wakauchukua, umeme na maji vikakatika, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga milango. Kwa upande wa wakopaji, ukurasa wetu ulifanya kazi. Hakuna aliyelazimika kupiga simu kwa mjumbe wa bodi. Kompyuta zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo tuliandika kwa mkono kwenye daftari kubwa: mji wote, faini imesimama. Wale waliokuwa kwenye kambi za waliokimbia vita, ambao mwezi uliofuata walilazimika kuondoka na maturubai yao, waliandikwa hivyohivyo.

Lakini wenye akiba hatukuwa tumewaandikia kitu. Sehemu kubwa ya fedha za ushirika ilikuwa benki, na benki imefungwa. Watu walikuja na madaftari yao asubuhi na mapema, na walikuwa na haki. Pesa ni yao. Wengine walikuwa na mgonjwa, wengine walikuwa wakizika. Kutoa pesa kwenye simu nako kulikuwa kumepanda bei, maana noti zilikuwa haba na wenye vibanda walikata kadiri walivyotaka. Waliokuwa na akaunti ng'ambo walivuka mpaka kwenda kuchukua Gisenyi, lakini mama wa makala ana akaunti gani Gisenyi?

Tulikaa wote, bodi na wafanyakazi, na kabla ya kufungua mlango tukaandika: kila mwenye akiba achukue hadi dola 20 kwa wiki, mkubwa na mdogo sawa, mgonjwa na mazishi wanatangulia. Karatasi ikabandikwa nje, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Nilikuwa ndani siku aliyokuja ndugu wa mjumbe mmoja, kwa gari, akitaka elfu mbili. Hakufika hata kwenye dirisha. Sentineli wetu, mlinzi wa mlango, kijana ambaye mshahara wake ulikuwa umechelewa kama wetu sote, alimwelekeza kwa heshima: “Papa, karatasi iko hapa mlangoni. Hata sisi tunaifuata.” Yule bwana aliisoma, akasimama kidogo, akapanga foleni nyuma ya mama mwenye beseni la dagaa. Foleni nzima iliona. Baada ya hapo sikusikia tena mtu akinong'ona kwamba pesa zinatoka kwa mlango wa nyuma, na nadhani hilo ndilo lililotuzuia kuvunjiwa mlango.

Kwa kanuni ile walikuwapo walioumia, na sitaficha. Baba mmoja alihitaji dola 300 za kumvusha mtoto kwenda kutibiwa Rwanda. Kamati ilimpa zaidi ya kikomo, lakini haikuweza kufikisha zote, na wafanyakazi wenzangu walichanga mifukoni mwao. Kuchanga kule kulikuwa kuzuri. Lakini sikubali kampuni ijisifu kwa michango ya wafanyakazi wake wasiolipwa. Kifungu cha akiba ya dharura, pesa taslimu inayowekwa ofisini kwa ajili ya siku benki zitakapofungwa, sasa kimo kwenye ukurasa wetu, na kiwango chake kimetajwa.

Mama wa vitenge alimaliza deni lake lile la 2021, alikopa tena, na amerudi sokoni. Siku hizi analipia depo.

Kinachotugombanisha sasa ni wadhamini. Mikopo yetu midogo hutolewa kwa kundi la akina mama watano wanaodhaminiana: mmoja asipolipa, wanne wanamlipia. Kwa siku za kawaida ni utaratibu mzuri, maana wanafahamiana na wanaoneana haya. Lakini tangu vita makundi yamevunjika. Mmoja yuko Bukavu, mwingine Kampala, mwingine hajulikani alipo, na aliyebaki Goma anadaiwa sehemu yake pamoja na za wenzake. Ukurasa wetu unamlinda aliyekimbia na kumsahau aliyebaki. Nimewatembelea akina mama hao. Mmoja alinieleza kwamba hampigii tena simu rafiki yake wa miaka kumi, kwa kuwa kila wakiongea deni linaingia katikati na wote wawili wanaishia kulia.

Pendekezo langu liko mezani kwa kamati. Mwanachama akikimbia vita, kundi lisidaiwe sehemu yake kwa mwaka mzima. Mfuko wa mshikamano ubebe nusu, nusu isubiri arudi au apatikane. Mhasibu wetu amepiga hesabu na kuonyesha kwamba mfuko utabaki mwembamba sana, na ikitokea volkano mwaka huohuo hautatosha. Hesabu zake ni sahihi, nimezipitia mstari kwa mstari. Kwa hiyo nimeongeza kwamba makato ya mikopo mikubwa, ile ya zaidi ya dola elfu moja, yapande kidogo, ya mikopo midogo yabaki yalivyo. Wakopaji wakubwa wamekwisha kusikia na wawili wamekuja kulalamika kwangu. Nimewaomba waje mkutano mkuu waseme mbele ya wote, na nimewaomba wale akina mama waliobaki peke yao katika makundi yao waje pia, wakae mstari wa mbele.